Usiache Kioo Kiseme Nyuma Yako

Kazi ya karani ina adabu zake. Akimaliza kuandika, anafunga daftari. Akitoka katika biro, anafunga kabati. Hakuna anayeshangaa, maana mambo ya watu si yake, ameyapokea tu ayatunze. Lakini siku hizi daftari nyingi zimeingia ndani ya kompyuta, na wengi wetu hatujui mahali pa kufunga.

Mimi natunza mashine za biro moja hapa Lubumbashi. Mashine kubwa yenye daftari za akiba na mikopo inatumia Linux, ile kazi aliyoianza Linus Torvalds kule Finlandi mwaka 1991. Imewekwa katika chumba cha peke yake. Makarani wanaifikia kwa njia ya SSH, kutoka mashine ndogo iliyo juu ya meza ya mapokezi, na meza ile ni ya watu wote. Huyu akiondoka, yule anakaa. Wageni nao husimama mbele yake.

Siku moja karani alikuwa akitazama orodha ya watu wenye madeni. Saa ya kula ikafika. Akaandika amri ya kutoka, yaani exit, akaenda zake. Hakufanya kosa la kuacha mlango wazi: mashine kubwa ilikwisha kufungwa. Kumbe majina na hesabu za fedha zilibaki zimeandikwa juu ya kioo. Mgeni mmoja aliyekuwa akingoja akayasoma, akakuta humo jina la mke wa ndugu yake. Mama yule alikuwa amekopa fedha za karo ya watoto, naye hakutaka jamaa za mume wajue. Kabla ya jua kutua, ukoo mzima ulijua. Sitasimulia yaliyotokea nyumbani mwake. Yatosha kusema kwamba alirudisha deni lake lote, kisha hakutukanyagia mlango tena.

Kwa nini maandishi yalibaki? Sababu ni hii. Programu inayopokea amri zetu, yaani sheli, ni kitu kimoja, na terminali inayoonyesha maandishi ni kitu kingine. Sheli ikiondoka, terminali haiambiwi neno lolote. Inashika tu yale iliyokwisha kuandikiwa, kama ubao wa darasa mwalimu akitoka bila kuufuta. Tena inashika hata mistari iliyopanda juu ya kioo, na mtu akirudi nyuma anaiona.

Basi, dawa ipo, nayo si ngumu. Sheli yetu inaitwa Bash, ambayo Brian Fox aliitoa mara ya kwanza mwaka 1989. Mtu aliyeingia kwa jina na neno la siri akitoka, Bash inatafuta katika nyumba yake faili iitwayo .bash_logout, inafanya yaliyoandikwa humo, ndipo inaaga. Tukaandika humo neno moja tu: clear. Amri hiyo inatuma alama ndogo hadi kwenye terminali yako, hata kama uko mbali, nayo inafuta kioo. Kwa terminali zinazoelewa, inafuta na mistari ya nyuma. Konsoli ya Linux yenyewe inaielewa alama hiyo ya kufuta mistari ya nyuma tangu Linux 3.0, ya mwaka 2011.

Mwenzangu mmoja aliniuliza: «Je, Debian na Ubuntu hazina faili hiyo tayari?» Ndiyo, zinayo. Lakini ile faili inaita amri ya clear_console, ambayo inafanya kazi kwenye konsoli ya mashine yenyewe tu. Inaruka kwenye konsoli nyingine, kisha inarudi, na kwa njia hiyo mistari ya nyuma inapotea. Mtu aliyeingia kwa SSH haimsaidii. Ndiyo sababu tuliongeza neno letu. Tukaliweka pia katika /etc/skel, mahali ambapo nyumba ya kila mtumiaji mpya inachukua faili zake za kwanza. Wale wa zamani tuliwaandikia mmoja mmoja, kwa maana faili ya /etc/skel haiwafikii waliokwisha kuwa na nyumba.

Sasa angalieni, tusijidanganye. Kufuta kioo si kufunga mlango. Mtu akibonyeza Ctrl na L, kioo kinakuwa cheupe, lakini yeye bado yumo ndani, na mwingine aweza kukaa katika kiti chake na kuandika amri kwa jina lake. Tena kufuta kioo si kufuta kumbukumbu. Bash inaandika amri zako katika faili ya .bash_history, kwa desturi yake yenyewe inashika 500. Mwenye kuandika neno la siri ndani ya amri atalikuta humo kesho. Na njia ya mtandao ikikatika ghafula, jambo tunalolijua sana huku kwetu, alama ya kufuta haifiki, na maandishi yanabaki. Hapo mkono wako wewe ndio wa kufuta.

Wako wanaosema: «Haya ni mambo madogo, nani atasoma?» Nawajibu kwamba jicho la mtu anayengoja halina kazi, nalo litasoma lolote lililo mbele yake. Si lazima awe mwizi. Yule mgeni wetu hakuiba kitu, hakugusa hata herufi moja. Alisoma tu tulichomwachia.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu unazibwa kwa neno moja katika faili moja. Wewe karani, wewe mwuguzi mwenye majina ya wagonjwa, wewe mwalimu mwenye alama za wanafunzi, uliza leo hii mtunza mashine wako: nikitoka, kioo changu kinabaki kikisema nini? Kama hajui, mketi pamoja, mtoke, kisha mtazame kioo kwa macho ya mtu anayengoja.