Gurudumu Lililobaki Nansio

Mgeni anayeingia Mwanza kwa mara ya kwanza huonyeshwa mawe. Huambiwa atazame Jiwe la Bismarck lilivyosimama majini, kisha ainue macho kuziona nyumba za Igogo na Mabatini zilivyoparamia majabali kama mbuzi. Mimi nimezaliwa humu humu, na mawe hayo nimeyazoea tangu utotoni. Mwaka huu nimeujua mji wangu upya kwa njia nyingine: kwa kuuzunguka mtaa kwa mtaa, na hatimaye kulivuka ziwa, nikitafuta vipuri vya baiskeli moja iliyochakaa.

Baiskeli yenyewe ni Raleigh ya mbio, iliyoundwa Nottingham, Uingereza, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Marehemu baba yetu, Allah Amrehemu, aliinunua kwa mkono wa pili enzi za ujana wake, akaipanda miaka mingi kwenda kazini katika kiwanda cha nguo cha Mwatex. Wenzake walipanda Phoenix na Swala (nasema Swala mnyama, si ibada, wazee wataikumbuka), baiskeli nzito zenye keria ya kubebea gunia. Yeye alipenda chombo chepesi. Alipofariki, fremu ilikuwa imeshatundikwa bandani kwa waya, haina cheni wala tairi, na kaka yangu alikuwa amekwisha kuzungumza na mnunuzi wa chuma chakavu.

Haja ilitokea Januari, kijana wangu alipoanza kidato cha kwanza katika shule iliyo mbali na nyumbani. Kila mzazi wa mjini anaijua adha ya mwanafunzi na daladala. Kwa kuwa nauli yake ni ndogo, kondakta humzuia mlangoni hadi watu wazima wajae, na asubuhi huwa wanajaa daima. Mwanangu aliondoka nyumbani mara tu baada ya Swala ya Alfajiri na bado alifika shuleni akiwa amechelewa. Wiki ya tatu alirudi na alama za fimbo mkononi. Usiku ule nilikwenda bandani na tochi.

Makosa yangu ya kwanza yalikuwa ya mtu mwenye haraka. Niliingia katika duka moja la vipuri katikati ya mji, nikamwambia muuzaji kuwa nina baiskeli ya mbio ya inchi 27. Akanipa tairi la inchi 28 la Phoenix na kuniapia kwamba linaingia, kwani inchi moja si kitu. Nililipa shilingi 14,000. Nyumbani tairi lilivaa rimu kama kanzu ya baba juu ya mtoto; nilipotia upepo likachomoka na tyubu ikapasuka kwa kishindo kilichowatoa majirani nje. Niliporudi dukani nilionyeshwa maandishi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Ndipo nikaenda Makoroboi. Eneo hilo limepata jina lake kutokana na koroboi, vibatari vya mafuta ya taa vilivyoundwa na mafundi kwa mabati na makopo yaliyokwisha kutupwa, na hadi leo ukipita pale katikati ya nguo, ndala na vyombo vya plastiki, utamkuta mtu ameketi chini akikipa chombo kilichokufa uhai mwingine. Fundi niliyeelekezwa kwake ni mzee wa Kisukuma, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwamkia "Mwangaluka," akaitikia, akaitazama fremu bila kuigusa.

"Ng'wanawane," akasema, "usisome namba kubwa. Namba kubwa inadanganya. Soma ndogo."

Akanionyesha ubavuni mwa tairi, mahali ambapo sikuwahi kupatazama maishani mwangu. Kwenye tairi la Phoenix, lenye inchi 28 kwa moja na nusu, pameandikwa 635. Hicho ni kipenyo, kwa milimita, cha mahali tairi linapokalia rimu. Rimu za Raleigh yetu ni 630. Milimita tano tu, na ndizo zilizonigharimu shilingi 14,000. Kisha akanieleza jambo lililonishangaza zaidi: baiskeli kuukuu zinazoletwa kutoka Japani, zile za akina mama zenye kikapu mbele, baadhi yake zina matairi ya inchi 27 kwa moja na tatu ya nane, na hayo pia ni 630. Kiwanda cha Nottingham na baiskeli ya sokoni ya Kijapani havikuwahi kujuana, lakini kipimo chao ni kimoja.

Nikadhani sasa ataanza kazi. Badala yake akauliza, "Hii ni yako?"

"Ya marehemu baba."

"Mmebaki wangapi?"

Nikamwambia: wanaume wawili na dada mmoja, aliyeolewa Ukerewe. Akairudisha spana yake kwenye kopo. "Basi nenda kwanza mkamalizane. Mimi sifungui kitu cha mayatima, hata wakiwa na mvi."

Naungama kwamba niliona haya. Madeni ya marehemu tuliyalipa, nyumba na shamba tuligawana kwa kumwita sheikh na kuandika, lakini baiskeli hakuna aliyeitaja, kwa kuwa machoni petu haikuwa mali. Nilimrudia mzee anikadirie thamani yake kama ilivyo. Akasema shilingi 40,000. Hesabu yake kisheria si ngumu: mafungu matano, kaka mawili, mimi mawili, dada moja. Kaka alipokea 16,000 zake bila maneno, ingawa alikumbusha kuwa wa chuma chakavu angemlipa tangu mwaka jana. Zilibaki 8,000 za dada. Ningeweza kuzituma kwa simu. Lakini kwake ndiko lilikobaki gurudumu la mbele, kwa maana baba aliishi Nansio miaka yake ya mwisho, na siku tuliporudisha vyombo vyake Mwanza gurudumu lilifunguliwa ili baiskeli ipakiwe melini, likasahaulika.

Safari ya Nansio ni ya saa tatu na ushei. Meli huondoka ikiuacha mji wa mawe nyuma, kisiwa cha Saanane kikiwa upande mmoja, na baada ya muda husikii ila injini na watoto. Abiria wa ziwa hili hawalali wote. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, MV Nyerere ikapinduka Septemba 20, 2018 ikikaribia Ukara, na niliwaona wazee midomo yao ikitikisika kwa dua tangu tunang'oa nanga. Bandarini Nansio palinukia dagaa na machungwa, na baiskeli zilikuwa kila upande, zikibeba abiria, mihogo, madumu.

Dada alinipokea kwa chai na mihogo, akasikiliza hadi mwisho. Alipoiona ile 8,000 hakuichukua wala hakuirudisha. Aliiacha juu ya mkeka. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Baba katika ugonjwa wake alikuwa akimwomba amletee gurudumu lile kitandani, alizungushe kwa kidole na kusikiliza gololi. "Siku alipoacha kuliomba," akasema, "nilijua."

Tukakaa kimya mpaka adhana ya Alasiri. Baada ya swala alilitoa nyuma ya mlango, limefungwa katika khanga. Rimu ilikuwa na kutu, spoku nne zimekatika, lakini lilizunguka muda mrefu sana. "Fungu langu nimempa mtoto," akasema. "Ila liandike, asije mtu akasema nilisahauliwa." Nikaandika mbele ya mumewe, kwenye karatasi ya daftari.

Yaliyobaki yalikuwa ya miguu na maneno. Igoma, njia ya Musoma, nilipata matairi mawili ya Kijapani kwa 5,000 kila moja, baada ya kugeuza rundo zima nikisoma namba ndogo. Tairi la nyuma lilikuwa nene kiasi cha kutishia kusugua fremu, hivyo tuliondoa madigadi. Ekseli ya krenki ilikuwa na matatizo ya aina yake: Raleigh walikata nyuzi zao za parafujo 26 kwa inchi, ilhali wengine walikata 24, basi vikombe vya zamani vilibidi vibaki. Mzee alivisafisha kwa mafuta ya taa na kuweka gololi mpya za robo inchi, 11 kila upande, akizihesabu kwa sauti. Pini za krenki za Phoenix zilinolewa kwa tupa hadi zikakubali. Gia tano hazikuwa na tiba ya bei nafuu. Friwili moja ya Phoenix, ambayo nyuzi zake zilikubaliana na habu ya Raleigh bila ubishi, ilichukua nafasi yake, na cheni mpya ya 7,000. Pamoja na tyubu, nyaya na raba za breki, na ujira wa fundi, vilinitoka 48,500, bila kuhesabu fungu la kaka, nauli ya meli na lile tairi la 635 ambalo bado limetundikwa bandani. Phoenix mpya haipatikani kwa fedha hizo.

Jumatatu kijana aliondoka baada ya Alfajiri, akiwa amekunja suruali ya mguu wa kulia isinaswe na cheni. Tambarare anakwenda vizuri. Kwenye kilima, kwa kuwa gia ni moja, anashuka na kusukuma, kisha anapanda tena. Siku hiyo alifika lango la shule likiwa bado limefungwa. Jioni dada alipiga simu kuuliza kama lile la mbele linalia.