Lifti ya Hoteli na Swali la Kamba



Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuzungumzie kitu tulichokipenda tangu zamani: lifti za abiria, hasa zile za hotelini. Hapa Mpanda nyumba nyingi za wageni zimejengwa chini, na mgeni hukifikia chumba chake kwa hatua chache tu. Ndiyo maana wengi wetu tulikutana na lifti kwa mara ya kwanza safarini, baada ya treni kutupitisha Kaliua na Tabora hadi Dar es Salaam. Tunafahamu jinsi moyo unavyoshtuka mlango unapojifunga wenyewe na sakafu inapoanza kupanda. Swali linalomjia mtu wakati huo ni moja: je, kamba ikikatika?

Swali hilo lisihesabiwe kuwa la ushamba. Kupandisha mzigo kwa kamba ni ujuzi wa kale sana. Anayechota maji kisimani kwa ndoo na roda anaujua, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wa mkoa wetu wa Katavi wanaujua zaidi, kwa maana wao huikabidhi kamba uhai wao. Kwa karne nyingi mitambo ya namna hiyo ilipandisha magunia na mawe, lakini watu waliogopa kuipanda, na hofu yao ilikuwa na sababu.

Aliyelijibu swali hilo mbele ya macho ya watu ni fundi Elisha Otis. Mwaka 1854, katika maonyesho makubwa mjini New York, alisimama juu ya jukwaa lililoinuliwa hewani, kisha akaagiza kamba iliyolishikilia ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo tu, likasimama. Alikuwa ameweka springi ambayo ilibanwa na uzito wenyewe wa jukwaa kupitia kamba. Kamba ilipolegea, springi ilifunguka na kuyasukuma meno ya chuma yakang'ata reli za pembeni. Mwaka 1857 lifti yake ya kwanza ya abiria iliwekwa katika duka la ghorofa tano katika mji huohuo.

Lifti za leo zimeendeleza wazo hilo. Chumba cha abiria huning'inia kwa kamba kadhaa za chuma, wala si moja. Upande wa pili wa kamba hizo kuna chuma kizito cha kusawazisha, ambacho uzito wake hulingana na chumba kitupu pamoja na karibu nusu ya mzigo unaoruhusiwa. Kwa hiyo mota huinua tofauti tu iliyopo kati ya pande hizo mbili. Kipo pia kifaa kinachopima mwendo; lifti ikishuka kwa kasi isiyo ya kawaida, breki za chini ya chumba hubana reli na kukisimamisha.

Lakini jambo linalotufurahisha kuliko yote ni breki ya mashine yenyewe. Springi ndiyo inayoifunga, na umeme ndio unaoifungua. Maana yake ni kwamba umeme ukikatika, breki hujifunga yenyewe. Sisi wa Mpanda, ambao kwa miaka mingi taa zetu zilitegemea mitambo ya dizeli, tunaweza kulithamini jambo hilo. Fundi aliyeibuni breki hiyo hakuahidi kwamba umeme hautakatika kamwe. Alihakikisha kwamba ukikatika, aliyemo ndani yu salama.

Hotelini lifti iligeuza hata bei. Zamani vyumba vya juu vilikuwa vya bei nafuu, kwa sababu nani angelipa zaidi ili apande ngazi nyingi? Mwaka 1859 Fifth Avenue Hotel ya New York ilifunguliwa ikiwa na lifti ya wageni, na baadaye, lifti zilipoenea, vyumba vya juu vikawa vya fahari. Kwetu Afrika Mashariki, Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash na ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, inakumbukwa kuwa jengo la kwanza kuwa na lifti. Wenyeji waliliita Jumba la Maajabu.

Hata hivyo, ajabu isiyotumika haimsaidii mtu. Tuliwahi kufikia hoteli moja tukiwa na bibi aliyekuwa akienda kutibiwa magoti. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya nne. Lifti ilikuwa nzima, ila ilikuwa imezimwa ili kuokoa mafuta ya jenereta. Bibi alipanda polepole, akipumzika kila ngazi zilipokata kona. Alipofika alituambia, "Baba, nyumba hii mlango wake ni wa vijana tu." Tangu siku hiyo, tukiingia hotelini, jambo la kwanza tunalotazama ni kama lifti inafanya kazi.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike kwa watu wote. Mji wetu nao unakua, na majengo yetu yataendelea kwenda juu. Ninyi mnaojenga, tunawasihi: kabla ya kuongeza ghorofa, yafikirieni magoti ya wazee, kiti cha magurudumu, na mama mjamzito. Wekeni lifti, itunzeni kwa mafundi wanaoijua, na msiifanye pambo la kuwashia wageni mashuhuri. Ngazi nazo ziwe pana na wazi, kwa sababu moto ukitokea ndizo zinazotumika.

Otis alisimama mwenyewe juu ya jukwaa lake kabla ya kumwomba mtu mwingine alipande. Mwenye hoteli naye na azime lifti siku moja, apande ngazi hadi juu akiwa amebeba mzigo, ndipo aamue kama mafuta ya jenereta ni ghali.

Tunawatakieni juma jema.