Mito ya Changarawe, na Boti Inayokataa Kuwaka

Ukiitazama ramani ya Kisiwa cha Kusini cha New Zealand, utaona mito mingi ikishuka kutoka milima ya Southern Alps na kukimbilia baharini upande wa mashariki. Walakini ramani haikuambii kwamba mito hiyo haina njia moja. Waimakariri, upitao kaskazini ya mji wa Christchurch, na Rakaia ulio kusini yake, hutandaa juu ya changarawe na kugawanyika katika vijito vingi, vinavyoachana na kukutana tena kama nywele zilizosukwa. Kijito chenye kina leo huenda mwezi ujao kikawa mawe matupu. Ukiingia humo na boti yenye rafadha, hufiki mbali.

Katika jimbo hilo la Canterbury ndiko alikozaliwa, mwaka 1899, William Hamilton, mfugaji wa kondoo aliyekuwa pia fundi hodari. Shamba lake la Irishman Creek liko katika nyanda za Mackenzie, karibu na ziwa la Tekapo, na humo shambani alikuwa na karakana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliunda humo boti ndogo ya mbao, akatia injini ya motokaa ya Ford, na badala ya rafadha akaweka pampu. Pampu huvuta maji chini ya tumbo la boti na kuyatupa nyuma kwa nguvu. Boti hukimbia mbele. Boti ya namna hiyo ikishashika mwendo hupita penye maji ya kina cha kiganja tu. Hamilton mwenyewe hakudai kuwa ndiye mvumbuzi wa mwanzo. Heshima hiyo alimpa Archimedes wa kale. Hata hivyo mwaka 1960 boti zake ziliupanda mto Colorado wa Marekani kupitia Grand Canyon, na mwaka 1977 Edmund Hillary, yule wa mlima Everest, aliupanda mto Ganga wa India kwa boti tatu za jeti.

Hizo ni sifa. Boti hizi zikizeeka, nazo hugoma kama mtambo mwingine wowote. Tuseme umefika huko mwezi wa Oktoba, baridi imekwisha, na mwenyeji wako ameiburura boti yake ya zamani kwa tela hadi ukingoni. Watoto wameshavaa majaketi ya kuelea. Anazungusha ufunguo: kimya.

Hapana budi ujue kwa nini ubovu huo utatuliwe ukingoni, wala si mtoni. Boti ya jeti huongozwa na maji yale yale inayoyatupa. Injini ikizimika katikati ya mkondo, usukani nao hufa, na boti huwa gogo. Tena katika majira hayo upepo wa joto wa kaskazini-magharibi huleta mvua kubwa milimani, huku nyinyi mlioko tambarare mkiona anga kavu. Mto hupanda bila ninyi kulowa tone.

Kwanza funua kifuniko cha injini na unuse. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia tumboni mwa boti, na cheche moja ya stata yatosha kuulipua. Ukisikia harufu, watoto washuke, hewa ipite, na pa kuvuja patafutwe kabla ya ufunguo kuguswa tena.

Kisha sikiliza. Kimya kabisa, au mlio mmoja wa "tak", aghalabu ni betri iliyolala baridi nzima, au vichwa vyake vimeota ukoga. Visugue, uvikaze, ufuate na waya wa kutua kwenye injini. Betri nzima ya volti 12 ikipumzika huonyesha kiasi cha volti 12.6.

Betri ikiwa njema na injini bado haizunguki, hapa ndipo mafundi wa motokaa hupotea. Katika motokaa ungeweka gia huru ukajaribu tena. Boti ya jeti ya kale haina gia huru. Injini imeunganishwa moja kwa moja na pampu. Jiwe moja lililobanwa kwenye mapanga ya pampu huifunga injini nzima, na stata hulaumiwa bure. Ondoa waya wa betri kwanza, nisisitize hapo, ndipo ufungue kifuniko cha ukaguzi na kutia mkono. Usipokuta kitu, ng'oa plagi zote na ujaribu kuizungusha injini kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele. Ikikaza bado, tenganisha mhimili unaokwenda kwenye pampu. Injini ikizunguka peke yake, ugonjwa uko kwenye pampu. Isipozunguka, uko ndani ya injini, pengine maji yaliyoingia kwenye silinda, na safari ya siku hiyo imekwisha.

Ikizunguka vizuri lakini haiwaki, hayo unayajua hata kwa motokaa ya jirani: cheche na petroli. Pointi za ndani ya distributa hushika unyevu na kutu. Petroli iliyokaa miezi mingi huchuja nguvu, na maji hukusanyika chini ya tenki. Mimi ningemwaga ile ya zamani yote.

Ikiwaka, isiungurume nchi kavu, kwani maji ya kuipoza hutoka kwenye pampu ile ile. Iwashwe ndani ya maji yenye kina cha kutosha isije ikanyonya changarawe, ikiwa imefungwa kamba kwenye gari, maana huanza kujivuta papo hapo. Kabla ya hayo yote simika kijiti mahali maji yanapokomea. Kikianza kuzama, rudisheni boti kwenye tela, hata kama injini inaimba.