Mchango Unaohitaji Jina

Jamii yetu ni hodari wa kuchanga. Harusi haikosi kamati, wala msiba haukosi daftari la rambirambi. Upo, hata hivyo, ugonjwa mmoja ambao ukitajwa katika kundi la michango watu hunyamaza: ule unaomshika mzazi siku chache baada ya kujifungua na kumvuruga akili.

Mwaka jana ukoo wetu ulimchangia mke wa binamu yangu. Mzee mmoja, kwa nia njema ya kumsitiri, alishauri tuandike kwamba mgonjwa ana presha. Binamu yangu alikataa. “Mke wangu hakuiba,” alisema, “hata tumfichie ugonjwa wake.” Tukaandika ukweli: kwamba hakuwa amelala kwa siku nne, na alisikia sauti zikimwambia mtoto si wake. Fedha zilizopatikana zilikuwa chache kuliko zile za harusi yao. Lakini usiku ule nilipigiwa simu na wanaume watatu, kila mmoja akiuliza kwa sauti ya chini: dalili zilianzaje?

Ndugu msomaji, ugonjwa huu wataalamu huuita saikosisi ya baada ya kujifungua. Huwapata wanawake 1 au 2 katika kila 1,000 wanaojifungua, na mara nyingi huanza ghafla ndani ya wiki 2 za kwanza. Ni dharura, kama kilivyo kifafa cha mimba. Hutibika, na wengi hupona wakiwahishwa hospitalini. Wakicheleweshwa kwa kutafuta nani kawaroga, mama anaweza kujiua au kumdhuru mtoto.

La kustaajabisha ni kwamba dola inaufahamu mvurugiko huu. Kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinatambua kwamba mama aliyesababisha kifo cha mwanawe wa chini ya miezi 12, akili yake ikiwa imevurugika kutokana na uzazi, asihukumiwe kama aliyeua kwa kukusudia. Ni sheria yenye huruma, ila huruma yake hufika baada ya kaburi kufukiwa. Swali ambalo hakimu huliuliza kizimbani lilistahili kuulizwa na muuguzi wiki kadhaa kabla.

Nafasi ya kuliuliza ipo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mama na mtoto waonwe angalau mara nne katika wiki 6 za mwanzo. Katika mahudhurio hayo mtoto hupimwa uzito na kitovu hukaguliwa. Kumuuliza mama kama analala, na kama kuna mawazo au sauti zinazomtisha, hakuhitaji mashine. Kunahitaji muuguzi aliyefundishwa, na mafunzo yanahitaji fungu la bajeti.

Kwa hiyo tuchange, maana nauli, maziwa ya mtoto na posho ya ndugu aliyeacha genge lake ili auguze havingoji bajeti. Lakini tuchange kwa kuutaja ugonjwa kwa jina. Mchango wa siri humtibu mgonjwa mmoja. Ukiwa na jina, humwamsha mume wa nyumba ya pili, na humnyima mpanga bajeti kisingizio cha kusema kwamba hakuna aliyewahi kuuliza.