Nusu Saa ya Mgonjwa

Sisi tunaowasindikiza ndugu zetu wenye figo zilizokoma kufanya kazi, tumezoea kuwauliza wakitoka kwenye mashine ya kusafisha damu: "Unajisikiaje?" Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Mtu aweza kujisikia vizuri huku damu yake ingali na uchafu mwingi.

Ndiyo maana waganga hupima urea, takataka inayotokana na protini za chakula, kabla ya kusafisha na baada yake. Ikiwa mwanzoni ilikuwa 150 na mwishoni 45, asilimia 70 imeondoka. Chini ya 65 hairidhishi. Wala urea ndogo pekee isitufurahishe: mgonjwa asiyekula huwa nayo ndogo, na njaa si afya.

Mwaka 1985, Frank Gotch na John Sargent wa Marekani walieleza kipimo ambacho waganga hukiandika Kt/V hadi leo. Huchukuliwa kiasi cha damu kinachotakaswa urea kila dakika, kikazidishwa kwa muda, kisha kikagawanywa kwa maji yote ya mwili. Tuseme mgonjwa ana lita 40 za maji mwilini, na mashine inatakasa mililita 200 kwa dakika. Kwa saa 4 hupatikana lita 48, nazo zikigawanywa kwa 40 ni 1.2: kiwango cha chini kwa anayesafishwa mara 3 kwa juma. Tukiondoa nusu saa, kinashuka hadi 1.05.

Tuitafakari nusu saa hiyo. Mgonjwa huiomba kwa uchovu, au kwa hofu ya kukosa gari la kurudi nyumbani. Nasi kwa huruma twaweza kumwombea aachiliwe mapema. Mwili wake hautalalamika siku hiyo. Lakini ikikatwa juma kwa juma, sumu hurundikana, hamu ya chakula hupotea, nguvu humwisha.

Hatuwezi kuongeza uwezo wa mashine, wala kubadili maji ya mwili wake. Muda, huo twaweza kumlinda nao. Basi tumtafutie gari litakalomngoja, tuketi naye hadi dakika ya mwisho, na mbele ya mganga tuthubutu kuuliza kwa heshima: "Kipimo chake kimefikia ngapi?" Huruma isiyojua kuhesabu yaweza kumpunguzia ndugu yetu siku za kuishi.