Umri wa Jibini

Katika mambo yote yaliyobadilika katika kazi ya jibini tuliyorithi kwa marehemu baba, huko kwenye milima ya Masisi, magharibi ya mji wa Goma, sioni hata moja lililobadilika kwa dhahiri kama umri wa jibini yenyewe. Kwani maziwa ni yale yale, chumvi ni ile ile, na mikono iikandamizayo ni ya ukoo ule ule, ilhali jibini iliyokuwa ikilala ubaoni miezi mitatu kabla ya kuonwa na mnunuzi, siku hizi hushuka mjini haijatimiza hata wiki mbili.

Kazi hii haikuwa ya wenyeji tangu azali. Wafugaji wa milima ile walikunywa maziwa yaliyochachuka, wakayasuka wakapata siagi, wala hawakuona haja ya kuyagandisha yakawa donge la kukatwa kwa kisu. Walowezi wa Kibelgiji, walioipenda nchi ile kwa baridi yake na malisho yake, ndio walioleta ng'ombe wa Kizungu, na mapadri wakaja na ufundi wa jibini waliouzoea kwao, wakawaajiri vijana wa kuwaoshea vyombo. Baba alikuwa mmoja wa hao waosha vyombo. Mtoto wa zama zile hakuthubutu kumhoji mkubwa wake, seuze padri. Basi alitazama tu, akayahifadhi aliyoyaona kichwani kama mtu ahifadhivyo amana asiyojua atadaiwa lini.

Ikaja ile amri ya Rais Mobutu ya mwaka 1973, ya kutia biashara na mashamba ya wageni mikononi mwa Wazaire, na mashamba mengi yakaangukia wakubwa ambao ng'ombe walimjua akiwa sahanini. Vyombo vikatawanyika. Baba alinunua sufuria moja kuukuu ya shaba na kishinikizo cha mbao kilicholegea miguu, akapanda navyo kwao.

Hakufanya hivyo kwa kuipenda jibini, maana sikumwona hata siku moja akila zaidi ya kipande cha kuonjea. Njia ndiyo iliyomlazimisha. Ukishaupita mji wa Sake, barabara ya kupanda Masisi wakati wa masika hugeuka tope la kumeza lori, na maziwa yaliyokamwa alfajiri huchacha kabla hayajauona mji. Bali lita 10 za maziwa zikishakuwa kilo 1 ya jibini, hubebeka kichwani hata barabarani, hupakiwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya watu wa Goma isiyo na kanyagio, na hata lori likikwama siku mbili hakuna kinachoharibika. Wengi huisifu jibini ya Masisi kwa majani na hewa ya milimani. Mimi naona ubovu wa barabara nao unastahili sehemu yake ya sifa.

Mama ndiye aliyepokea maziwa. Alichemsha kidogo katika kikombe cha bati, na yakikatika aliyarudisha kwa mwenyewe, awe jirani au shemeji, na mashemeji walionuna kwa sababu hiyo sitawahesabu hapa. Yaliyokubaliwa yalichujwa kwa kitambaa, yakapashwa moto wa kuni mpaka joto la maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, kipimo alichokijua baba kwa kiwiko chake; ndipo alipotia dawa ya kugandishia, iliyotoka Ulaya katika vichupa vidogo kwa bei iliyomkera maisha yake yote. Yakishaganda aliyakata vipande vidogo vidogo, akamwaga maji yake wakanywa ndama, akatia maji ya moto na kukoroga, kisha akayajaza katika viunzi vya duara na kuyakandamiza. Kesho yake madonge yalizamishwa katika maji ya chumvi, yakatolewa na kupangwa mbaoni, na mama akaandika tarehe kwa chaki chini ya kila moja.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, nayo ilikuwa kungoja. Kila siku donge lilipinduliwa na kupanguswa kwa kitambaa cha maji ya chumvi, ili ukungu usije ukalila. Nilipopevuka kidogo, nikiona faida imelala ubaoni, nilimwambia, “Baba, watu wa Goma wanainunua hata ya juzi.” Akanijibu bila kugeuka, “Mwanangu, ya juzi bado ni maziwa.”

Mwaka 1993 mapigano yaliingia Masisi, mwaka uliofuata wakimbizi kutoka Rwanda wakavuka mpaka kwa maelfu na maelfu, na mwaka 1996 vita vikawa vya nchi nzima. Ng'ombe wa milima ile walichinjwa, wakaporwa, wakavushwa mipaka, hata zizi lililokuwa na sauti kila asubuhi likabaki na kwekwe. Nasi tuling'amua ubaya mmoja wa mbao zetu ambao baba hakuwahi kuufikiri: mali iliyolala mahali pamoja miezi mitatu ni mali ambayo kila mtu anajua iliko. Usiku mmoja watu wenye silaha, ambao hatukuwauliza ni wa upande gani, waliikomba ghala yote, pamoja na mbao, wakapikia.

Ng'ombe waliporudi, kidogo kidogo, baba alirudi kazini, lakini hakungoja tena. Hakutoa sababu wala hakuitisha shauri. Niliona tu kwamba chaki ya mama haikuandika tena mwezi uliopita. Jibini ikatoka laini, nyeupe, pole, nayo ikapendwa. Mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa Januari 2002 ulilifukia kwa lava duka la mnunuzi wetu mkubwa pamoja na sehemu nzima ya mji, lakini biashara haikufa, kwa kuwa Kinshasa, isiyofikika kwa barabara kutoka Goma, ilikuwa ikipelekewa jibini yetu kwa ndege. Watu wa huko wameijua changa, wakadhani ndiyo tabia yake.

Ndugu yangu mdogo, ambaye sasa ndiye mwenye sufuria, alifanya jaribio katika miaka ya utulivu kidogo: aliweka madonge machache miezi mitatu kamili, kwa taratibu ya marehemu. Yalitoka magumu, ya manjano, yenye ukali ule unaobaki ulimini. Mnunuzi wa Goma aliyarudisha akisema yameharibika. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwezi wa Januari 2025, hata hiyo changa inatafutiwa njia nyingine, basi ndugu yangu hataki kusikia habari ya kungoja. Yale yaliyorudishwa niliyanunua mimi kwa bei kamili, naye, pamoja na undugu wetu, hakunipunguzia hata faranga moja.