Uyoga, divai na bukari ya Waitalia: jioni moja huko Giaveno



Tangu nirudi kutoka Italia mnaniuliza habari za Roma na za bahari. Roma sikufika, na bahari niliiona kwa dirisha la ndege tu. Majuma matatu niliyoalikwa na walimu wenzangu niliyapitisha Torino, mji mkubwa wa kaskazini, chini ya milima ya Alpi. Kwetu watu wa Lubumbashi jina hilo si geni: ndipo Don Bosco alipoanzisha kazi yake, na Wasalesiani walifika hapa mwaka wa 1911, mji wetu ukiwa bado mtoto. Lakini juma hili sitaki kuwaeleza makanisa na majumba. Nataka kuwapeleka mahali padogo karibu na Torino, hata ndani ya jiko la mama mmoja wa huko, kwa sababu mambo niliyoyakuta yanatuhusu sisi tunaokula bukari na bowa.

Mahali hapo panaitwa Giaveno. Unapanda basi Torino, unaelekea upande wa magharibi, na baada ya saa moja hivi nyumba zinapungua, milima inasogea, na unashuka kwenye mji mdogo uliokaa mlangoni mwa bonde la mto Sangone. Juu yake ni msitu: chini mikastanya, yaani miti inayozaa njugu kubwa za kahawia, na juu zaidi miti mingine ya baridi. Nilifika Oktoba. Majani yalikuwa yanageuka manjano, mvua ilikuwa imenyesha siku chache kabla, na sokoni kulikuwa na harufu ambayo mtoto yeyote aliyelelewa Katanga angeitambua akifumba macho. Bowa.

Uyoga wao wa heshima unaitwa porcini. Maana yake ni nguruwe wadogo, na kweli umenona hivyo: mguu mnene mweupe, kofia ya kahawia kama mkate uliotoka sasa hivi kwenye moto. Chini ya kofia hakuna zile karatasi nyembamba tunazozijua kwa bowa wetu wengi. Kuna kitu kama sponji. Palikuwa pia uyoga wa manjano, umbo la tarumbeta, wanauita galletti, jogoo wadogo. Huo nusura niuamkie, maana ni ndugu wa damu wa chitondo chetu.

Kitu kilichonishangaza hakikuwa uyoga wenyewe bali kakaratasi. Uyoga wa porini ukiuzwa huko, lazima uwe na hati ya kuonyesha kwamba mtaalamu wa ofisi ya afya ameutazama, mmoja mmoja. Na mtu aliyeuchuma kwa kula nyumbani kwake anaweza kwenda kwenye ofisi hiyo na kikapu chake, akaonyeshwa upi ni wa kula na upi ni wa kutupa, bila kulipa chochote. Sheria yao ya mwaka 1993 inasema pia mtu asichume zaidi ya kilo 3 kwa siku, na asibebe katika mfuko wa plastiki. Abebe katika kikapu chenye matundu, ili mbegu za uyoga, ambazo ni kama vumbi, zidondoke njiani na kurudi msituni. Mbegu hizo wanaziita spora. Nilicheka kidogo, nikafikiri juu ya mama zetu wanaopanga bowa katika mabeseni kando ya njia ya Likasi wakati wa mvua. Wao wana karatasi hiyo pia, ila imeandikwa kichwani mwao, na aliyeiandika ni nkambo.

Jioni ile nilikuwa mgeni wa mwalimu mmoja mstaafu, mama wa miaka sitini na zaidi. Binti yake ni vegano: watu hao hawali nyama, samaki, mayai, maziwa, wala chochote kitokacho kwa mnyama. Kwa vijana wa miji ya Ulaya jambo hilo limekuwa la kawaida. Mama yake hakusumbuka hata kidogo. Aliniambia kwamba mama yake mzazi alipika hivyo siku nyingi za juma bila kulipa jina lolote. Nyama haikuwepo, basi. Nilimwelewa upesi. Sombe kwa mawese, lengalenga, maharage: nasi tuna siku nyingi za namna hiyo, na hakuna anayetuita kwa jina la kigeni.

Chakula chenyewe kilitumia nusu saa. Tulikuwa watu wanne, na vitu vilikuwa hivi: uyoga nusu kilo, punje mbili za kitunguu saumu, mafuta ya zeituni vijiko vinne, divai nyeupe isiyo tamu nusu kikombe, persili kiganja kimoja, chumvi. Uyoga hakuuzamisha ndani ya maji, maana unayanywa kama kitambaa. Aliukwangua udongo kwa kisu, akaupangusa kwa kitambaa chenye unyevu, akaukata vipande vyembamba. Akapasha mafuta katika kikaango kipana, akatia kitunguu saumu kilichopondwa, na kabla hakijawa kahawia akatia uyoga wote kwa moto mkali. Hapa ndipo wengi wetu tunakosa subira: uyoga unatoa maji, na yale maji lazima yakauke kabisa, mpaka usikie tena sauti ya kukaanga. Ndipo akamwaga divai. Moshi ulipanda, wenye harufu ya siki na zabibu. Akaacha divai ipungue, akaongeza vijiko viwili vya maji ya moto na kiganja cha persili iliyokatwa, akatikisa kikaango mpaka maji na mafuta yakashikana kuwa mchuzi mzito kidogo. Kwa dakika kumi na tano kazi ilikuwa imekwisha. Namna hiyo ya kupika wanaiita trifolati, neno la upande ule ule wa Piemonte.

Na uliliwa na nini? Na bukari! Wao wanaita polenta. Ni unga wa mahindi ya manjano, maji na chumvi: lita moja ya maji kwa robo kilo ya unga, kwa hiyo ni laini kuliko yetu, karibu na uji mzito. Zamani waliipika katika chungu cha shaba juu ya moto wa kuni, dakika arubaini za kukoroga bila kupumzika, kisha wakaimwaga juu ya ubao na kuikata kwa uzi. Mama huyu alitumia unga ulioivishwa tayari kiwandani, unaohitaji dakika tano tu. Ladha yake, nisiwadanganye, ilikuwa chini ya ile ya unga wetu uliosagwa leo asubuhi. Lakini mchuzi wa uyoga uliisamehe.

Angalieni pia kwamba si kila chakula cha uyoga huko kinamfaa vegano. Piemonte wanapenda siagi na jibini katika polenta, na tambi zao nyembamba za nyumbani zinakandwa kwa viini vya mayai. Spageti kavu za kawaida zinazouzwa katika butike zetu ni ngano na maji tu; hizo zinafaa, na zinapikwa kwa dakika kumi.

Tukiwa mezani mama huyo alinieleza jambo ambalo nilikuwa nimelisoma ISP bila kulitilia maanani. Katika karne ya 18 na ya 19, maskini wa kaskazini ya Italia walikula polenta asubuhi, mchana na jioni, polenta tupu. Wakaanza kuugua: ngozi ya mikono na shingo inaungua na kuchubuka, tumbo linaharisha, kisha akili inachafuka, na wengi walikufa. Daktari Francesco Frapolli aliuita ugonjwa huo pellagra mwaka 1771, kwa maneno ya watu wenyewe yanayotaja ngozi kuwa kali. Ulichukua muda mrefu kueleweka. Mahindi yana vitamini moja, niasini, lakini imefungwa ndani yake kiasi kwamba tumbo la mtu haliifungui vizuri; na mwaka 1937 ndipo Conrad Elvehjem alipoonyesha kwamba niasini ndiyo inayoponya. Uyoga una vitamini hiyo. Karanga pia, na samaki. Kwa hiyo ule uyoga juu ya polenta si pambo. Mimi nafikiria watoto wa darasa langu ambao siku za mwisho wa mwezi wanakula bukari na chumvi, au bukari na chai. Wamama, karanga zilizopondwa, kiganja kimoja, hata siku hizo.

Sasa divai. Wengine watasema chakula cha divai si cha watoto, na mimi nakubaliana nao. Watu husema kileo chote kinaondoka na moshi, si kweli. Kinapungua sana kadiri unavyochemsha, lakini kwa dakika chache za kikaango kinabaki kiasi fulani. Mwenye mimba, mtoto, na mtu aliyeacha pombe, apikiwe bila divai. Kamulia nusu ndimu katika vijiko vitano vya maji, au ponda tomati moja iliyoiva. Kazi ya divai katika mchuzi ule ni kuleta uchachu, na hivyo vinauleta.

Kuna sababu nyingine, na hii ni nzito zaidi. Waitalia wanajua uyoga mmoja wa kijivu ambao ukizeeka unayeyuka kuwa maji meusi kama wino. Ukiliwa peke yake haudhuru. Ukiliwa na kileo, au ukinywa kileo hata siku mbili baadaye, uso unawaka, moyo unakimbia, unatapika. Kwa hiyo divai tuiweke kwa uyoga unaojulikana vizuri, kama ule wa kulimwa au wa kopo. Bowa wa porini tuupike na ndimu, au na karanga kama tulivyozoea.

Na kabla ya kupika, kuujua. Uyoga unaoua zaidi huko Ulaya unaitwa kwa kitaalamu Amanita phalloides. Ni wa kijani hafifu, na waliopona wanasema una ladha nzuri. Mtu anakula jioni, analala vizuri, na kuumwa kunaanza baada ya saa sita, kumi na mbili au zaidi, wakati sumu imekwisha kufika kwenye ini. Moto hauiondoi. Huko kuna waliodhani kwamba kitunguu saumu kinageuka cheusi kikipikwa na uyoga wenye sumu, wamezikwa. Kwetu tunasikia kwamba uyoga ulioliwa na mdudu ni salama. Konokono anakula sumu ile na kuendelea na safari yake. Nilimwuliza yule mama kama kuna alama moja ya kutambua, labda kile kikombe kilicho chini ya mguu. Akakataa: wana uyoga mwingine wenye kikombe, wa rangi ya machungwa, na huo ni chakula cha wafalme. Hata sisi, tente anayependwa na wasema Kibemba ana kikombe. Alama ya jumla haiko. Unaujua mmoja mmoja kwa jina lake na sura yake, au hauuli. Darasani kwangu nilipouliza majina ya bowa, watoto wengi wa mjini walijibu neno moja, champignon, na wawili tu, wanaokwenda likizo kijijini, walitaja majina manne.

Siku ya pili tulipanda msituni. Mikastanya mikubwa ilikuwa imeachwa isimame. Porcini haiwezi kulimwa shambani kama nyanya chungu. Inaishi na mizizi ya mti ulio hai. Nyuzi zake nyembamba zinaizunguka mizizi, zinaupa mti maji na chumvi za udongo, na mti unaupa sukari. Ukikata mti, nyuzi zinakufa, na mwaka unaofuata unaweza kutembea pale na kikapu kitupu. Chitondo na tente wanaishi vivyo hivyo na miti ya miombo. Uyoga wa kichuguu ndio unaojitegemea, maana mchwa wanaulisha. Sasa tazameni baiskeli za makala zinazoingia mjini kila asubuhi. Nami napika kwa mbabula umeme ukikatika, sina jiwe la kumtupia mtu. Lakini mama muuza bowa na baba mchoma makala wanakula mti mmoja: yeye kila mvua, huyu mara moja.

Wanaouliza jinsi ya kuweka bowa mpaka kiangazi, hivi ndivyo wanavyofanya Giaveno. Wanakata vipande vyembamba, wanavitandaza juu ya wavu kwenye jua na upepo, visigusane, na usiku wanaviingiza ndani. Vikivunjika kwa vidole kama biskuti vimekauka. Vikijikunja tu, bado. Vinawekwa katika chupa yenye kifuniko kinachobana. Siku ya kupika, kiganja kimoja kinaloweshwa nusu saa katika maji ya uvuguvugu. Maji hayo wanayachuja kwa kitambaa kuondoa mchanga, na wanayatia katika mchuzi badala ya maji ya kawaida.